Uji wa Mtoto Katika Nchi ya Mpwapwa

Zamani za misafara, kabla reli haijafika Dodoma, Mpwapwa ilikuwa kituo mashuhuri katika njia itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, maana hapo ndipo wapagazi walipopumzika, wakanunua nafaka na kujaza maji vibuyuni, kabla ya kulikabili pori kame la Marenga Mkali na kuingia Ugogo, nchi ya Wagogo. Msafiri wa Kizungu Stanley alipita hapo mwaka 1871. Wasafiri wa aina yake waliandika kwa tafsili habari za ushuru wa hongo na pembe za ndovu, bali mama aliyeketi kivulini akimzoeza mwanawe kuimeza nafaka ile ile hawakumwandika, nami naiona hasara kubwa, kwa kuwa uhai wa nchi ile ulitegemea kazi yake kuliko biashara yao.

Riziki ya nchi ile ni uwele na mtama, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Uji ukiwa mwepesi, mtoto hujaa maji tumboni akalala na njaa. Unga ukizidishwa, uji hupoa ukawa mzito, ukaganda kwenye kaakaa, naye huusukuma nje kwa ulimi, kama alivyoumbwa kukisukuma kila kigumu katika miezi yake ya mwanzo. Wako waliodhani ni inda, wakamlaza mtoto magotini na kumnywesha kwa kiganja huku akilia. Mimi siwezi kuwahukumu, kwani hofu yao ilikuwa na asili: katika miaka ya 1918 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza, katika vita vyao, kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume, na mvua nayo ikakosekana, Ugogo iliingia katika njaa kuu iitwayo Mtunya, na aliyenusurika nayo hawezi kumtazama mtoto akikataa chakula moyo wake ukatulia.

Palikuwa na njia za upole. Mtoto aliyekwisha kukua kidogo alipewa tonge dogo la ugali lililochovywa katika mlenda, ambao kwa utelezi wake hulishusha tonge kooni pasipo kusukumwa; na penye ng'ombe, uji uliungwa kwa maziwa. Katika jambo hili la maziwa Mpwapwa ina fahari yake, kwani wataalamu wa mifugo wa hapo walichanganya ng'ombe wa kienyeji na damu ya Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi, hata mwaka 1958 ng'ombe wa Mpwapwa wakatambuliwa kuwa kabila lao peke yao, wenye kukamuliwa katika nchi kavu.

Ila dawa ya uzito wa uji ilikuwa imo nyumbani siku zote. Mtama hurowekwa, hufunikwa mahali penye unyevu mpaka uchipue, kisha huanikwa juani, hupukutishwa machipukizi na mizizi, na kusagwa; huo ndio unga wa kimea. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ulio moto lakini usiochemka, uji uliokuwa ukisimamisha mwiko hulegea mara, ukanyweka, wala nguvu ya nafaka haipungui. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, iliyahimiza maarifa haya nchini. Kimea chenyewe hakikuwa kigeni kwa wanawake wa Ugogo, ambao tangu enzi za bibi zao walikiotesha kwa ajili ya pombe; jipya lilikuwa kukitia katika chungu cha mtoto.