Unga haupandwi

Juzi usiku umeme umekatika hosteli niko katikati ya kukompaili programu. Rumeti akacheka sana: "Si ungepakua iliyo tayari, mzee? Unajitesa bure." Sikumjibu, ila nimelala nawaza. Leo nawaletea historia kidogo.

Programu iliyo tayari ni unga: unapika, unakula, basi. Kodi yenyewe ndiyo mbegu. Sisi wa SUA hapo hatuhitaji mhadhiri. Unga haupandwi.

Stallman alilisemea hilo 1983 alipotangaza mradi wa GNU. Torvalds akaitoa Linux 1991. Lakini kwetu stori inanoga kuanzia 2000, kampuni ya Sun ilipofungua kodi ya OpenOffice.org. Kwa kuwa kodi ilikuwa wazi, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na IT+46 ya Sweden, kwenye mradi wa Kilinux, hawakuhitaji kumbembeleza mtu. Maneno ya menyu yakatolewa ndani ya kodi, yakatafsiriwa, yakarudishwa, programu ikajengwa upya. Mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili, bure.

Na kumbukeni enzi zile nchi haikuwa na kebo ya baharini. SEACOM imefika 2009. Intaneti ilipita kwenye setilaiti, bei yake usiombe. Wakati huohuo kabla hujatafsiri menyu moja, lazima kwanza mkubaliane neno la kila kitu. Hiyo ndiyo kazi, jamani.

Sasa turudi hosteli. Umeme ulirudi alfajiri, Bondwa bado imejifunika mawingu. Nikafuta faili lililokatikia katikati, nikaandika tena make. Haikuanza upya! Stuart Feldman aliitunga mwaka 1976 kule Bell Labs: inalinganisha muda wa kila faili, inarudia tu yaliyobadilika au ambayo hayajawa tayari. Kwa sisi wa mgao wa umeme, huyu jamaa ni ndugu.

Kabla ya make install nikafungua kodi, nikabadilisha neno moja tu la menyu: Hifadhi. Nikajenga tena, dakika chache, nikafungua programu. Rumeti akasogea, akatazama, kimya. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hata mimi naweza kubadilisha?"

Nimempa kiti. Mpaka naandika hapa hajanirudishia kompyuta yangu.