Florence Kasumba na Kivuli cha Mohamed Husen

Ukiwa Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, Uganda iko jirani kuliko Dodoma. Kahawa huvuka mpaka, na watu huvuka kwenda harusini na msibani. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikubaliana kwamba upande huu uwe wa Berlin na ule uwe wa London. Karagwe ikahesabiwa ya Kaiser bila mtu wa Karagwe kuulizwa. Basi inachekesha kidogo kwamba Mjerumani anayejulikana zaidi duniani miongoni mwa waigizaji wenye asili ya eneo hili la maziwa alitoka upande wa Waingereza.

Florence Kasumba alizaliwa Kampala tarehe 26 Oktoba 1976, Idi Amin akiwa madarakani. Alikulia Essen, mji wa makaa ya mawe na chuma magharibi mwa Ujerumani. Akiwa na miaka 12 aliona Starlight Express, mchezo wa muziki ambao waigizaji wake ni treni na hukimbia jukwaani kwa viatu vya magurudumu. Bochum, si mbali na Essen, walikuwa wameujengea jumba lake maalumu, lililofunguliwa mwaka 1988. Hapo ndipo alipopata hamu ya kazi hii. Baadaye akaenda Tilburg, Uholanzi, kusomea kuigiza, kuimba na kucheza, na kabla hajamaliza tayari alikuwa ameigiza katika filamu ya Kiholanzi, Ik ook van jou, ya mwaka 2001.

Aliporudi Ujerumani alifanya michezo ya muziki: The Lion King, Evita, Mamma Mia!, kisha akapewa nafasi kuu ya Aida katika mchezo wa Elton John na Tim Rice. Sidhani ni ajabu kwamba mlango huu ndio uliofunguka kwanza. Mchezo wa muziki unataka mtu mwenye pumzi, sauti na miguu, anayeweza kurudia jambo lile lile kila jioni bila kuchoka. Anayecheza treni au mnyama haulizwi kwao ni wapi.

Runinga ni habari nyingine. Runinga hudai kuonyesha mtaa ulivyo, kwa hiyo kila anayepewa nafasi ni jibu la swali: Mjerumani ni nani?

Swali hilo liliwahi kujibiwa kikatili. Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani wa jeshi la Wajerumani. Alipigana akiwa bado mtoto katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake, na hakulipwa. Alibaki huko: akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa, akaigiza katika filamu zaidi ya 20. Karibu zote zilimtaka awe boi, mpagazi au mtumishi. Ya mwisho, Carl Peters ya mwaka 1941, ilimtukuza yule yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Husen alicheza Ramasan, msaidizi wake. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Kibao kidogo cha shaba kiliwekwa mbele ya nyumba aliyoishi Berlin mwaka 2007, miaka 63 baadaye.

Kasumba naye ilibidi dunia imtambue kwanza. Mwaka 2016 alionekana kwa muda mfupi tu kama Ayo, mlinzi wa mfalme wa Wakanda, katika Captain America: Civil War, na watazamaji wakamkumbuka, akarudi katika Black Panther mwaka 2018. Mwaka 2019 akatoa sauti ya fisi Shenzi katika filamu ya The Lion King, jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa.

Tarehe 3 Februari mwaka huo huo akaingia Tatort, tamthilia ya upelelezi ambayo Wajerumani wameitazama Jumapili usiku tangu 1970. Alikuwa inspekta Anaïs Schmitz wa Göttingen, na magazeti yakaandika kwamba ndiye inspekta wa kwanza mwanamke mweusi katika tamthilia hiyo. Schmitz ni jina la kawaida kule kama Juma huku. Mpelelezi mwenzake, Charlotte Lindholm, anayechezwa na Maria Furtwängler, anafika kituoni kwa mara ya kwanza, anamwona mwanamke mweusi, na anadhani ni mfanya usafi. Schmitz anamwambia yeye ni nani, kisha wanakwenda kazini.