Kuzeeka kwa jamii ya Japani
Ongezeko la sehemu ya wazee katika idadi ya watu wa Japani, lililoletwa na uzazi mdogo na maisha marefu. Takriban watu 29 katika kila 100 wana miaka 65 au zaidi. Tangu mwaka 2000 kuna bima ya matunzo ya wazee, inayochangiwa na kila mkazi kuanzia miaka 40. Vijijini hali ni mbaya zaidi: huko Nagoro, kisiwani Shikoku, shule ilifungwa 2012, na madawati sasa yamekaliwa na wanasesere wenye kimo cha mtu, ambao, ajabu, huvutia watalii. Mijini wanaokosekana ni wahudumu, hivyo makao ya wazee huajiri vijana kutoka Vietnam, Ufilipino na Indonesia.