Njia ya hewa ya rejeta

Njia ya hewa ya rejeta ni uwazi uliozibwa pembeni kwa bati, plastiki au raba ili upepo unaoingia kwenye bampa upite wote ndani ya rejeta. Kanuni yake ilielezwa kwa ajili ya ndege na Mwingereza F. W. Meredith mwaka 1935: tundu dogo, kisha njia inayopanuka, upepo hupungua kasi na ukinzani wa hewa hushuka. Njia ya hewa ya kujitengenezea kwenye gari hukatwa kwa bati la alumini au dumu, hufungwa kwa ribiti, na nyufa huzibwa kwa sponji. Upoozaji una umuhimu zaidi sehemu za juu: mjini Njombe, Tanzania, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi, hivyo mfuniko wa rejeta usiobana ni hatari zaidi. Lakini lori linalopanda polepole kutoka mji wa Makambako kwenda Njombe hupata upepo mdogo, hivyo hutegemea feni. Njia ya hewa hulifaa kidogo tu.