Jean Alexander

Jean Alexander (jina la kuzaliwa Jean Margaret Hodgkinson, 11 Oktoba 1926 – 14 Oktoba 2016) alikuwa mwigizaji wa Uingereza aliyejulikana hasa kwa uhusika wa Hilda Ogden, mfagizi wa baa katika tamthilia ya runinga Coronation Street, ambaye alimwigiza kuanzia 1964 hadi 1987. Baadaye akawa Auntie Wainwright katika vichekesho vya Last of the Summer Wine. Wapo waigizaji wenzake waliovuma zaidi nje ya Uingereza, lakini ni wachache waliopewa mhusika wa kuchekwa wakamfanya apendwe na nchi nzima bila kumpunguzia hata kasoro moja.

Alizaliwa Toxteth, mtaa wa jiji la bandari la Liverpool. Baba yake alikuwa fundi umeme. Jukwaa alilitamani tangu utotoni, ila kazi yake ya kwanza ilikuwa ya msaidizi wa maktaba, akaifanya kwa miaka mitano hivi. Mwaka 1949 alijiunga na kundi la Adelphi Guild Theatre katika mji wa Macclesfield, na baada ya hapo akazunguka kwenye kumbi za kaskazini mwa Uingereza, zikiwemo za Oldham, Stockport, Southport na York. Makundi ya namna ile yalikuwa shule ngumu. Mara nyingi mchezo ulibadilishwa kila wiki, hivyo usiku mwigizaji anacheza huu na mchana anakariri ujao. Alexander alishika pia kazi za nyuma ya pazia, kama kutunza mavazi na kusimamia jukwaa. Alipoingia kwenye runinga mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sehemu ndogondogo katika Deadline Midnight na Z-Cars, alikuwa tayari na umri wa miaka 35 hivi na ufundi uliokomaa.

Coronation Street ilianza kurushwa tarehe 9 Desemba 1960 na kituo cha Granada cha Manchester. Mtunzi wake, Tony Warren, aliiweka katika mtaa wa kubuni wa wafanyakazi, wenye nyumba zilizobanana na baa ya Rovers Return pembeni. Alexander alipita humo kwanza mwaka 1962, kwa muda mfupi, kama mama mwenye nyumba ya kupangisha. Mwaka 1964 aliitwa tena, safari hii kama Hilda, mke wa Stan Ogden, waliohamia nyumba namba 13.

Hilda alikuwa mwembamba, msengenyaji, mwenye sauti ya kukwaruza na maneno yasiyoisha. Alifagia Rovers Return huku akitega sikio, na jioni mtaa mzima ungekwisha kupata habari. Mumewe, aliyesafisha madirisha ya watu siku alizojisikia, alipenda bia kuliko kazi. Stan aliigizwa na Bernard Youens, mtu mwenye sauti safi ya utangazaji ambaye awali alikuwa mtangazaji wa Granada, na ukimsikia Stan akibweka kutoka kwenye kochi lake huwezi kuamini kuwa ni mtu yule yule.

Umbo la Hilda lilijulikana hata kwa wasiotazama tamthilia: aproni yenye maua, kitambaa kichwani, na rola za nywele zikichungulia chini ya kitambaa kutwa nzima. Rola zile zilitokana na kumbukumbu za Alexander mwenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwaona wanawake wa viwanda vya silaha wakifunga vichwa hivyo, kitambaa cha kuzuia nywele zisinaswe na mashine, na rola chini yake ili wakitoka kazini nywele ziwe tayari kwa matembezi. Hilda alizivaa kila siku, na matembezi yenyewe hayakuja. Sebuleni mwake palikuwa na picha kubwa ya mandhari ya milima iliyofunika ukuta mzima, na juu yake bata watatu wa kutundika wakiwa wanaruka. Wa katikati alikuwa amelegea, anaelekea chini. Watazamaji walimcheka kwa bata wale, lakini Hilda aliwaona ni uzuri wa nyumba, na Alexander hakuwahi kumcheza kama mtu anayejua kuwa anachekesha. Nguvu zake zilikuwa hapo hasa.

Nguvu hizo zilidhihirika mwaka 1984. Youens alifariki Agosti mwaka huo baada ya kuugua kwa muda mrefu, na Novemba watunzi wakamzika Stan pia. Baada ya mazishi Hilda anabaki peke yake na kifurushi kidogo kutoka hospitalini. Anakifungua taratibu. Ndani mna vitu vya marehemu, na kati ya hivyo kibweta cha miwani. Anakifungua, anaitazama miwani ya mumewe, na mwanamke ambaye kwa miaka 20 hakuwahi kukosa la kusema anakosa neno, analia tu. Tukio hilo bado linahesabiwa miongoni mwa maigizo bora kabisa ya runinga ya Uingereza, na kwa haki. Mwaka 1985 Alexander alipewa tuzo ya uigizaji bora ya Royal Television Society.

Kufikia wakati huo Hilda alikuwa na wafuasi wasiotarajiwa. Mwaka 1979 mashabiki kadhaa maarufu walikuwa wameunda chama cha kumuenzi, miongoni mwao mwigizaji Laurence Olivier na mshairi John Betjeman. Alexander alipoamua kuondoka, sehemu yake ya mwisho ilirushwa siku ya Krismasi ya 1987. Hilda anaaga kwenye baa aliyoifagia kwa miaka mingi, akienda kutunza nyumba ya daktari huko Derbyshire, na anawaimbia majirani wimbo wa kuagana wa enzi za vita. Watu karibu milioni 27 waliitazama, wakihesabiwa pamoja na wa marudio, yaani karibu nusu ya wananchi wote. Uigizaji wake wa mwaka huo ulimletea pia uteuzi wa tuzo ya BAFTA.

Wengi wanaotoka kwenye tamthilia ndefu hupotea, kwa kuwa watazamaji hawakubali kuwaona katika sura nyingine. Kwa Alexander haikuwa hivyo. Mwaka 1989 alionekana katika filamu ya Scandal na akachapisha kitabu cha maisha yake, The Other Side of the Street. Tangu 1988 alikuwa tayari ameingia Last of the Summer Wine, iliyotungwa na Roy Clarke na kupigwa picha Holmfirth, Yorkshire. Humo alikuwa kikongwe mwenye duka la mitumba na makorokoro, mpole wa sauti, ambaye mteja akiingia kuuliza njia hutoka amenunua kitu asichokihitaji. Hilda aliibiwa na dunia. Auntie Wainwright hakuibiwa na mtu. Aliendelea naye hadi kipindi kilipofikia mwisho mwaka 2010.

Hakuolewa, na aliishi kwa utulivu Southport, mbali na sherehe za watu wa runinga. Mwaka 2005 wasomaji wa jarida la TV Times walimchagua kuwa nyota bora wa tamthilia wa nyakati zote, miaka 18 baada ya Hilda kuondoka. Alistaafu mwaka 2012, na alifariki hospitalini Southport akiwa na umri wa miaka 90.