Kutoka Santuri hadi Sava: Muziki Nyumbani Bujumbura

Zamani mji wa Bujumbura ulipoitwa Usumbura, kabla ya uhuru wa mwaka 1962, mwenye nyumba aliyependa muziki hakuwa na mengi ya kuchagua. Alinunua gramafoni na sahani za santuri, kila upande ukichukua dakika tatu hivi. Kipimo hicho kiliwafaa waimbaji wa nyimbo fupi. Hakikumfaa mpiga inanga wa Burundi, ambaye husimulia taratibu, tena kwa kunong'ona, sauti yake ikifungamana na mlio wa nyuzi.

Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilileta mageuzi. Kijisanduku cha kutia mfukoni kilichukua saa nzima na, lililo kubwa zaidi, kilimwezesha mtu wa kawaida kunasa sauti mwenyewe: arusi, maulidi, ngoma, mazungumzo ya wazee. Lakini utepe huchakaa, na sumaku yake hufifia. Ndiyo sababu leo katika mitaa kama Buyenzi, makao ya Waswahili tangu enzi za ukoloni, lipo swali la kuhamishia kaseti hizo wapi.

Jibu mojawapo ni sava ya muziki. Hii ni kompyuta ndogo yenye diski kubwa, itunzayo muziki wote wa nyumba na kuupeleka kwenye amplifaya na spika. Wauzaji husifu ukubwa wa diski. Sifa hiyo haina uzito mkubwa: saa moja ya sauti kamili, kwa kipimo cha sahani za CD zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, huchukua megabaiti 600 na kitu, diski ya terabaiti moja hupokea saa zaidi ya 1,500.

La kuuliza kwanza ni aina ya faili. Faili za MP3 hupunguzwa kwa kutupa sauti ambazo hesabu ya mashine huona kuwa sikio halitazitambua. Kwa dansi ya sebuleni haidhuru. Kwa inanga ya kunong'ona, ambamo pumzi yenyewe ni sehemu ya sanaa, ni hasara. Mfumo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, hupunguza faili hadi karibu nusu bila kutupa chochote. Sava isiyoupokea haifai kuwa hazina.

La pili ni majina. Mwaka 1967 ngoma za Burundi zilinaswa kwa ajili ya Ocora, watoaji wa sahani wa Ufaransa. Mwaka 1971 sauti hiyo ilichanganywa na ala za Kizungu, ikauzwa Ulaya kwa jina la «Burundi Black». Mwaka 1975 Joni Mitchell naye akatumia ngoma za Burundi katika wimbo wake. Msikilizaji wa huko alilijua jina la nchi, wapigaji hakuwajua. Basi itafutwe sava inayoruhusu kuandika, ndani ya faili yenyewe, jina la mpigaji, mahali na mwaka. Nyingi hutanguliza jina la msanii na la albamu, kana kwamba kila sauti ilizaliwa dukani.

Kuna pia umeme wa Bujumbura, ambao hukatika bila taarifa. Diski yenye sahani zinazozunguka huweza kuharibika umeme ukikatika ghafla. Isiyo na kitu cha kuzunguka nayo haisalimiki kabisa, tena ni ghali zaidi. Betri ya akiba ni ya lazima kwa zote mbili.

Na hata mashine bora haitoshi ikiwa peke yake. Mwezi Mei 2015, katika siku za jaribio la mapinduzi, vituo vya redio vya watu binafsi mjini vilishambuliwa, na Radio Publique Africaine ikachomwa moto. Sauti iliyohifadhiwa katika jengo moja tu ina maisha ya jengo hilo. Nakala ya pili huwekwa katika diski ya kubebeka, nyumbani kwa ndugu wa mtaa mwingine, na kaseti yenyewe haitupwi.