Maradhi ya Mlipuko na Mikataba: Hadithi Tuliyoishika na Hadithi Tuliyoisahau

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba wake.

Ama baad. Ilipoingia korona mwaka 2020, mimbari nyingi zilisikika zikisoma hadithi ya tauni, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: aliye nje ya nchi yenye tauni asiingie, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Ilisomwa mahali pake. Lakini iko hadithi ya pili, ya hasara inayoletwa na maafa katika biashara, ambayo hatukuisikia sana. Makusudio yetu ni kuonesha kuwa hukumu hizi mbili zinakwenda pamoja, na kwamba mwenye kuwafungia watu mlango hana budi kumtazama pia aliyepata hasara kwa kufungwa kwake.

Hukumu ya mipaka

Mwaka 18 Hijria (639 Miladia) Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa habari ya tauni ya Amwas. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, na baada ya hapo akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar akajibu kuwa wanaitoka kadari na kuiendea kadari yake nyingine. Ndipo alipofika Abdurrahman bin Awf (R.A.) na ile hadithi, ikaafiki walichokwisha kuamua. Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (R.A.) walifariki katika tauni hiyo.

Mataifa ya Ulaya yalichelewa kukubaliana juu ya jambo hili. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa afya ulifanyika Paris mwaka 1851, ukahudhuriwa na nchi 12, dola ya Uthmania ikiwamo. Mwaka 1865 kipindupindu kiliwaua mahujaji wengi Makkah, kikavuka hadi Misri na Ulaya. Kwa ajili hiyo mkutano wa mwaka 1866 ulifanyika Istanbul. Mwaka 1882 Wauthmania wakafungua karantini katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, na mahujaji waliotoka upande wa Bahari ya Hindi wakazuiliwa hapo kwa siku kadhaa, tena kwa kutozwa ada.

Kanuni za kimataifa za afya zilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, zikabadilishwa jina mwaka 1969, zikaandikwa upya mwaka 2005 na kuanza kutumika Juni 2007. Shabaha yake ni mbili: kuzuia maradhi yasienee, na kutobana safari na biashara kupita haja. Kifungu cha 40 kimeweka msingi kwamba msafiri asitozwe gharama za kutengwa kwa amri ya serikali. Hata hivyo, wakati wa korona nchi kadhaa ziliwatoza wasafiri fedha za hoteli walizotengwa. Mkataba mwingine uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 umeshughulikia ugawaji wa chanjo na dawa baina ya mataifa. Lakini mpangaji na mwenye nyumba, au mnunuzi na muuzaji, kila mmoja ameachiwa sheria ya nchi yake.

Hukumu ya hasara

Hapa ndipo inapokuja hadithi ya pili. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.), na maana yake ni kuwa mtu akimuuzia nduguye matunda, kisha yakapatwa na maafa, si halali kwake kuchukua malipo, kwani atakuwa anachukua mali ya nduguye bila ya haki. Maafa hayo mafakihi wanayaita jaiha.

Wanavyuoni wamekhitalifiana. Imam Malik amesema hasara ikifika theluthi, muuzaji huibeba. Imam Ahmad hakuweka theluthi. Imam Abu Hanifa, na Imam Shafii katika kauli yake mpya, wameona kuwa mnunuzi akishakabidhiwa, hasara ni yake, na kumpunguzia ni jambo la kupendeza tu. Wanatoa hoja kwa hadithi ya Abu Said (R.A.), ya mtu aliyefilisika kwa matunda aliyoyanunua, na Mtume (S.A.W.) akawahimiza watu wamchangie.

Katika ijara jambo ni wazi zaidi. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria (1223), ameandika katika al-Mughni kuwa ikitokea hofu ya watu wote inayozuia kukaa mahali palipokodiwa, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Ama hofu ikiwa ni ya mpangaji peke yake, hana hiari hiyo. Miaka 424 baadaye, mwaka 1647, mahakama ya Uingereza ilimhukumu mpangaji alipe kodi yote ingawa jeshi lilikuwa limemfukuza shambani. Waingereza walilegeza msimamo huo katika karne ya 19, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 56, inautangua mkataba usiowezekana tena kutekelezwa. Hata hivyo, kifungu hicho hakimpi hakimu mizani ya kupunguza na kugawa hasara. Mizani hiyo imo katika uamuzi wa Baraza la Fiqhi la Rabita, Makkah, wa mwaka 1402 Hijria (1982): hali ikigeuka kabisa, kadhi anaweza kurekebisha mkataba, kuuvunja, au kumpa muhula aliyeelemewa.

Suala tuliloletewa

Mama mmoja alikuwa amekodi kibanda cha chakula ndani ya shule. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa, zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Mwenye kibanda alidai kodi ya miezi yote, akisema kuwa yeye ni Shafii na kuwa ufunguo ulikuwa mkononi mwa yule mama.

Tulimjibu kuwa hata katika madhehebu yetu, nyumba iliyokodiwa ikiporomoka, ijara hukatika kwa muda uliobaki, kwa sababu kinachouzwa katika ijara ni manufaa. Kibanda hakikuporomoka, ni kweli. Lakini mama hakukodi mabati. Alikodi mahali pa kuwauzia wanafunzi, na wanafunzi walizuiwa kwa amri iliyowagusa watu wote. Huu si uzembe wake wala ugonjwa wake peke yake.

Walisuluhishwa kwa nusu ya kodi, na mama akaridhika. Sulhu ni kheri. Lakini kwa tuonavyo sisi, aliisamehe haki yake, na aliyestahiki kushukuriwa ni yeye.

Maradhi mengine yatakuja. Tunawanasihi wafanyabiashara wetu waandike mapema katika mikataba yao nani atabeba nini milango ikifungwa, na maimamu wetu, siku watakapoisoma hadithi ya tauni, waisome na ya jaiha.

Wallahu aalam.